Siku redio ya ndege ilipokatika nikiwa maili kumi kutoka Bunia

Wakuu, nawasalimu kutoka Bunia.

Humu ndani mimi ni msomaji wa siku nyingi na mchangiaji wa nadra. Leo naandika kwa sababu juzi kuna mtu aliuliza rubani akipoteza redio angani anafanya nini, na majibu mengi yalikuwa ya kubuni. Mmoja alisema ndege inaanguka. Haianguki. Redio haishikilii ndege juu.

Hii si chai. Yamenikuta mwenyewe. Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo hainipendezi hata kidogo, lakini nitaiweka kama ilivyokuwa. Majina nimebadilisha. Kampuni sitaitaja, na msinifuate inbox kuiuliza.

Kiswahili changu mtanivumilia. Nyumbani ni Rwambuzi, mtaa wa hapa hapa Bunia, urubani nilisomea nje, kwa hiyo nachanganya. Watu wa kwetu nitawaacha waongee kama wanavyoongea.

Twende.

Ndege ninayoendesha ni ndogo, injini moja, viti sita. Tunapeleka watu na mizigo kwenye viwanja vya udongo, mahali ambapo barabara inaweza kukula siku tatu mvua ikinyesha, na siku nyingine haipitiki kabisa kwa sababu mnazozisikia kwenye habari.

Siku hiyo nilikuwa natoka Epulu, kwenye kituo cha hifadhi ya okapi, narudi Bunia. Safari ya dakika hamsini hivi, karibu yote juu ya msitu.

Abiria walikuwa watatu.

Nyuma walikaa walinzi wawili wa hifadhi, wanakwenda congé, yaani likizo. Walikuwa wametoka doria ya siku nyingi porini. Walifunga mikanda, wakalala kabla magurudumu hayajaacha ardhi.

Mbele, kiti cha kulia kwangu, alikaa mama Kavira.

Mama Kavira ni mfanyabiashara wa sokoni Bunia. Familia yake ilihamia huku kutoka upande wa Butembo yeye akiwa bado binti. Anauza mchele, maharagwe, sabuni, mafuta ya mawese, na ndiye anayelipelekea chakula jiko la kituo pale Epulu. Alikwenda kwa lori na mzigo wake, na kwa kurudi akapewa nafasi kwenye ndege. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda. Umri wake ni kama wa mama yangu.

Nilimweka mbele kwa hesabu ya uzito. Yeye aliichukua kuwa ni heshima, na mimi sikumsahihisha.

Nikamvisha casque ya masikioni, ile yenye maiki ndogo mbele ya mdomo. Ndani ya ndege ndogo injini inapiga kelele sana, bila hiyo hamsikilizani.

"Pilote," akaniuliza, "nikisema humu, batu ya Bunia banasikia?"

"Hapana mama. Ni miye tu nakusikia."

"Basi vizuri."

Akaanza kuongea na hakunyamaza. Aliuliza kila mto jina lake. Aliuliza kwa nini ndege haina honi. Alinieleza wakwe zake mmoja mmoja. Sikuona ubaya. Abiria wa mara ya kwanza anayeongea ni salama kuliko anayenyamaza akishika mlango.

Sasa kwa wasiojua, niweke maelezo kidogo.

Tulikuwa tunaruka kwa macho, ile inayoitwa VFR. Maana yake rubani anaiona ardhi, anayaona mawingu anayakwepa, na anaziangalia ndege nyingine kwa macho yake. Juu ya msitu uko peke yako, hakuna wa kumwomba njia.

Ukikaribia Bunia mambo yanabadilika. Anga ya pale ina mwenyewe. Mnara wa kuongozea ndege, sisi tunasema tour, ndio unaopanga nani anatua na nani anasubiri. Kuna helikopta za walinda amani, kuna ndege za mashirika ya misaada, kuna za mizigo. Huingii bila ruhusa, kama usivyoingia ndani kwa mtu bila kupiga hodi.

Tena hapa kwetu kuna jambo la ziada. Mkoa una vita. Kuzunguka uwanja kuna askari wenye silaha, na ndege inayokuja chini bila kusema na mtu haiwafurahishi.

Nikiwa bado mbali niliita tour. Contrôleur, muongozaji wa ndege, akanijibu. Namfahamu kwa sauti, ni mtu mzima, nitamwita papa Bahati. Akanipa hali ya upepo, akaniambia helikopta mbili zinajiandaa kuondoka, niendelee kuja, nikifika maili kumi niseme.

Shikeni hapo. Ruhusa ya kuendelea siyo ruhusa ya kutua.

Msitu ukaisha, vilima vya majani vikaanza. Nikafika maili kumi. Nikabonyeza, nikasema.

Kimya.

Nikarudia. Kimya.

Mara ya kwanza hufikirii kitu. Labda papa Bahati anaongea kwenye simu, labda mmebonyeza pamoja na mwingine. Lakini nikagundua kwamba kimya kile hakikuwa cha kawaida. Hata ule mchakacho mdogo unaokuwa masikioni muda wote haukuwepo. Halafu nikageuka, nikamwona mama Kavira midomo inakwenda, anaongea na mimi kwa bidii, na sisikii hata neno.

Hapo nikaelewa. Redio ziko mbili kwenye ndege ile, lakini zote, pamoja na maongezi ya humo ndani, zinapita kwenye kisanduku kimoja cha sauti. Kisanduku kikifa, unakuwa bubu na kiziwi kwa pamoja.

Tunafundishwa kwamba kazi ya kwanza ni kuendesha ndege. Mengine yanafuata. Kwa hiyo nikashika urefu wangu, nikapunguza mwendo, nikatazama nje vizuri pande zote, kisha nikaanza kukagua.

Sauti, nimeipunguza kwa bahati mbaya? Hapana.

Namba ya masafa ni sahihi? Sahihi.

Plagi za casque zimelegea? Nikachomoa, nikachomeka. Nikachomeka upande wa mama. Hakuna.

Redio ya pili. Hakuna.

Fyuzi, vile vitufe vinavyoruka nje umeme ukizidi. Zote zimekaa. Nikaivuta ya kisanduku cha sauti, nikahesabu, nikairudisha. Hakuna.

Maiki ya mkononi iliyotundikwa chini ya dashibodi. Hakuna.

Nina redio ndogo ya mkononi pia, yangu binafsi, kwa ajili ya siku kama ile. Wakuu, iko nyumbani Rwambuzi. Courant, umeme, ilikatika usiku kucha, ikarudi asubuhi nikiwa mlangoni natoka, nikaiacha kwenye chaji. Ilikuwa ya kijani imejaa, juu ya kabati, siku nzima.

Nikageuza ile transponda, kifaa kinachojitambulisha kwa rada, nikaweka 7600. Hiyo namba duniani kote inasema: huyu redio yake imekufa. Sikujua kama kuna anayeiona wakati ule. Unaiweka tu.

Kisha nikabonyeza tena na kusema kama mtu anayesikika: mimi ni fulani, redio imekufa, nakuja kutoka magharibi, nitapita juu ya uwanja nitazame taa. Nikasema mara tatu. Huwezi kujua, labda masikio ndiyo yamekufa na mdomo bado uko hai.

Mama Kavira akanipiga bega. Alikuwa ameivua casque yake, anaitikisa kama kibuyu.

"Hii kitu yako imekufa!" akapiga kelele sikioni.

"Najua mama! Redio imekufa. Ndege iko muzima. Unasikia? Ndege iko muzima!"

Akanitazama.

"Kama iko muzima, sababu gani sura yako imebadilika?"

Nikarudisha macho nje.

Nilikuwa nafikiria njia zangu. Kanuni inasema ukiwa unaruka kwa macho na redio ikafa, baki kwenye hali ya hewa nzuri, tua uwanja wa karibu unaofaa. Kurudi Epulu? Nyuma yetu msitu ulikuwa umeanza kuwa mweusi, mvua ya mchana inapanda. Kuna uwanja mdogo wa udongo upande wa kusini usio na tour. Nikautazama, na juu yake pazia la mvua lilikuwa limeshashuka. Mafuta nilikuwa nayo ya kutosha zaidi ya saa moja, lakini mafuta hayakusaidii kama pa kwenda pamefungwa.

Ikabaki Bunia.

Simu. Nikatoa simu, network ilikuwa imeanza kuonekana. Nikampa mama Kavira, nikamwonyesha namba ya mtu wetu wa ofisini, nikamwambia kwa kelele aandike: redio panne (imeharibika), tunaingia, waambie tour. Akaandika kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayeandika risiti. Akabonyeza. Akanionyesha kioo. Kile kiduara kilizunguka, kikazunguka.

Nisiwaweke roho juu: ujumbe ule ulifika tukiwa tumeshashuka kwenye ndege. Kwa hiyo usitegemee simu.

Iliyobaki ni taa.

Wakuu, hii ndiyo sehemu ambayo watu wengi hawaijui. Kwenye tour kuna taa maalumu ya mkono, kama tochi kubwa. Redio ikikushinda, contrôleur anakuelekezea hiyo. Kwa ndege iliyo angani, kijani kinachosimama ni ruhusa ya kutua. Kijani kinachopepesa, rudi ujipange kutua. Nyekundu inayosimama, mpishe mwingine, endelea kuzunguka. Nyekundu inayopepesa, uwanja si salama, usitue. Wewe unajibu kwa kuyumbisha mabawa.

Nilizisoma shuleni, nikazijibu kwenye mtihani, sijawahi kuzitumia.

Na tatizo lilikuwa hili: kwa mzunguko wa siku ile, tour ingekuwa upande wa kulia. Upande wa mama.

Nikamsogelea sikio.

"Mama, sikia. Kule Bunia kuna tour, nyumba ndefu ya vioo. Utaiangalia hiyo tu. Usiangalie miye. Batawasha taa. Kama ni kijani—"

"Kijani ni nini?"

"Rangi ya majani! Vert!"

"Sema vert basi!"

"Vert ni muzuri. Rouge, nyekundu, ni mubaya. Ukiona, unipige mukono, unaniambia rangi, na kama iko inasimama ao iko inacheza-cheza. Ni hiyo tu."

"Vert, rouge. Inasimama, inacheza."

"Ndiyo."

"Na nikikosa kuona?"

"Utaona."

Akafunga kitambaa chake cha kichwa vizuri, akageukia dirisha, akaweka paji la uso kwenye kioo. Tangu hapo hakuongea neno lisilohusu kazi.

Nikawasha taa zote za ndege. Nikaja juu kidogo kuliko urefu wa ndege zinazozunguka kutua, ili nisimkute mtu, nikapita kando ya uwanja nikitazama. Niliona helikopta mbili nyeupe kwenye maegesho, mapanga yanazunguka. Niliona ndege ya mizigo imesimama kati yazo na piste, ile njia ya kutulia, mlango wazi. Piste ilikuwa tupu. Nikayumbisha mabawa. Nikamtazama mama. Akatikisa kichwa. Hajaona kitu.

Nikashuka, nikajiunga na mzunguko kama kawaida, nikiangalia kila upande hadi shingo inauma. Upande wa pembeni, sambamba na piste, hakuna taa. Nikageuka. Nikageuka tena, sasa piste iko mbele yangu, ndefu, nyekundu pembeni na nyeusi katikati.

Hapa nifafanue nilichokuwa nafikiria, maana nimekifikiria sana baadaye.

Piste ilikuwa tupu. Nilikuwa nimeiona tupu kwa macho yangu. Jua la alasiri lilikuwa linapiga vioo vya tour, vinang'aa vyote kama bati jipya, sioni kitu ndani. Nikajiambia: papa Bahati anajua nakuja, nilishaongea naye. Hajanikataza. Asiyekataza amekubali.

Nikateremsha flapi za mwisho, vile vibao vya nyuma ya mabawa vya kutulia taratibu.

Mama Kavira akanipiga mkono. Alinipiga kwa ngumi.

"Rouge! Rouge, pilote! Haiko vert, iko rouge!"

"Inacheza?"

"Inasimama! Iko rouge, inasimama!"

Mimi sikuiona. Nasema tena, mimi sikuiona. Nilitazama kule na niliona mng'ao tu.

Kulikuwa na sekunde moja ambayo ningeweza kusema mama wa watu ameona mwako wa jua. Nilikuwa chini, futi mia tatu na kitu, piste tupu mbele yangu, mvua inakuja nyuma.

Nikasukuma mafuta yote. Pua juu, flapi taratibu, tukapanda. Nikasogea kidogo pembeni mwa piste ili niione upande wangu.

Nilipoipita katikati nikaziona. Helikopta ya kwanza ilikuwa inatoka kwenye maegesho, imeinuka kidogo, inavuka piste kwenda kuondokea upande wa pili. Vumbi. Ya pili nyuma yake. Zilikuwa zimepewa ruhusa yao kihalali, na wakati mimi naiangalia piste tupu, zenyewe zilikuwa zimefichwa na ile ndege ya mizigo.

Ningetua, tungekutana pale. Sina haja ya kupamba.

Nikayumbisha mabawa.

Tukazunguka tena. Helikopta zikaondoka, nikaziona zikipotea kuelekea kaskazini. Tukiwa upande wa pembeni, ngumi tena.

"Vert! Inacheza-cheza!"

Rudi ujipange kutua. Nikayumbisha.

Nikageuka, nikageuka tena, piste mbele.

"Rangi gani, mama?"

"Bado… bado… Vert. Vert inasimama. Imesimama, pilote. Iko inasimama kabisa."

Safari hii na mimi nikaiona, nukta moja ya kijani katikati ya mng'ao, kama jicho la paka.

Tukatua.

Nilipozima injini, mlinzi mmoja nyuma akaamka, akajinyoosha.

"Tumefika?"

Mama Kavira akageuka akamtazama kwa muda mrefu.

"Weye lala tu," akamwambia.

Nimerudi wakuu, courant ilikatika hapa, nimehamia kwenye betri. Namalizia.

Maegeshoni kulikuwa na askari wawili wamesimama, wananitazama. Nikapanda tour mwenyewe kabla sijaitwa.

Papa Bahati alikuwa na shati limelowa mgongoni. Aliniambia kwamba alipoona nimevuka muda wa maili kumi bila kusema, aliniita mara nyingi. Kisha akasikia "krrr" mara tatu, bila sauti ya mtu. Akajua kuna mtu anabonyeza lakini hasemi. Akaitoa taa. Akawapigia askari simu kuwaambia ile ndege ni yetu, ni panne tu. Aliiwasha taa tangu nilipopita mara ya kwanza.

"Weye unajua rouge ni nini?" akaniuliza.

"Najua, muzee."

"Sasa sababu gani ulishuka mupaka pale?"

"Sikuiona, muzee. Ni mama aliona."

"Mama gani?"

"Mama mwenye alikuwa pembeni yangu."

Akatazama chini kwenye maegesho, mama Kavira alikuwa anabishana na mpakuaji mizigo kuhusu gunia lake tupu.

"Yule?"

"Yule."

Akaandika kitu kwenye daftari lake. "Basi na weye andika yako," akasema. "Yote."

Hiyo "yote" ndiyo iliyonisumbua. Na hapa ndipo kwenye sehemu niliyosema hainipendezi.

Fundi wetu, Gédéon, alifungua dashibodi jioni ile. Akanionyesha kwa tochi: nyuma ya kisanduku cha sauti, mshipi unaoshika fungu la nyaya ulikuwa umelegea, nyaya zinasuguana na chuma kila injini inapotikisika. Waya mmoja umeisha ngozi, plagi imetoka nusu.

"Hii haikuanza leo," akasema. "Haikukuwa inakatika-katika?"

Wakuu, ilikuwa inakatika.

Siku tatu kabla, redio ilikwaruza, ikapotea kama sekunde tano. Nikapiga dashibodi kwa kiganja, ikarudi. Siku iliyofuata tena, nikapiga tena, ikarudi. Kwenye kitabu cha ndege, pale rubani anapoandika kasoro, sikuandika kitu. Ningeandika, Gédéon angeisimamisha ndege. Kulikuwa na safari zimejipanga, watu wanasubiri porini, na mimi nilikuwa kwenye orodha ya kupandishwa kwenda ndege kubwa zaidi. Sikutaka kuwa yule rubani wa kulalamika.

Sikumwambia mtu. Mbaya zaidi, sikujiambia hata mwenyewe kwamba nimeficha. Nilijiambia ni vumbi.

Gédéon nilimwambia ukweli pale pale. Hakunigombeza. Alizima tochi tu, akasema, "Kitabu kiko kwa ajili gani?"

Kesho yake chef, bosi wetu, akaniita kuhusu ripoti. Si mtu mbaya. Alisema tu, "Andika ilikatika ghafla. Ni kweli ilikatika ghafla." Na ni kweli, siku ile ilikatika ghafla. Kila neno kwenye sentensi hiyo lingekuwa kweli.

Nilikaa na karatasi hiyo siku nzima. Mwisho nikaandika siku tatu zote, kiganja na yote.

Matokeo yake: nilisimamishwa kuruka mwezi mzima, nikarudi chuoni kukaguliwa upya. Ndege kubwa akapewa mwenzangu. Chef hakunisemesha kwa muda. Lakini kwa sababu ya ile ripoti, Gédéon alilazimika kufungua dashibodi za ndege zetu nyingine za aina ile, na moja alikuta waya unaanza kulika mahali pale pale. Rubani wake hakuwa amesikia chochote bado.

Mwezi ule wa kukaa bila kazi nikaenda sokoni kumshukuru mama Kavira.

Kumbe mimi ni maarufu pale. Ameshawasimulia wote. Nilipofika wanawake wa meza za jirani wakapiga vigelegele, "Pilote! Pilote ya mama Kavira!" Akanikalisha kwenye kigoda, akanipa Fanta, akaanza upya kusimulia jinsi kijana huyu alivyokuwa mtulivu, jinsi Mungu alivyomtia hekima.

Nilisikiliza kama dakika tano. Nikashindwa. Wateja walipopungua nikamwambia.

Nilimwambia redio ilikuwa inaumwa siku tatu, nilijua, sikuandika.

Alikuwa anapima maharagwe kwa kopo. Akaliweka kopo chini.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, mama."

"Na ulinipandisha."

"Nilikupandisha."

"Na wale batoto mbili wenye kulala nyuma. Nao ulibapandisha."

"Ndiyo."

Mteja alikuja, akamhudumia, akamrudishia chenji, akaondoka. Nilidhani ameniacha niende zangu bila neno. Ningeelewa.

"Sasa," akasema bila kunitazama, "kwa karatasi uliandika nini?"

"Niliandika yote."

"Chef yako anajua?"

"Anajua. Bote banajua."

"Na kazi?"

"Wamenisimamisha kwanza."

Akatikisa kichwa, siyo kwa kunisikitikia, kama mtu anayekubali hesabu imetoka sawa. Akachukua kopo lake.

"Kunywa Fanta yako," akasema. "Lakini usiseme tena kama ulikuja kunishukuru. Ulikuja kusema hii."

Sijui kama amenisamehe. Sikumuuliza. Sokoni ananisalimia, ila lile la "pilote ya mama Kavira" sijalisikia tena, na nadhani ni sawa.

Niliyojifunza wakuu ni haya, na siyapangi kwa namba maana siyo mtihani.

Redio ikifa ukiwa unaruka kwa macho, hujafa. Endesha ndege kwanza. Kagua vitu vidogo kabla ya vikubwa. Weka 7600, sema hata kama husikiki, washa taa, tafuta ishara ya tour na uijibu. Usipoiona ishara, usijipe mwenyewe ruhusa. Piste kuwa tupu siyo ruhusa. Aliye karibu na wewe, hata kama amepanda ndege leo, mpe kazi moja ya wazi kwa maneno anayoyajua, na akikupigia kelele mwamini kwanza, bishana baadaye.

Lakini hayo yote ni ya saa ile, ndege ikiwa tayari bubu. Somo lenyewe kwangu liko siku tatu nyuma, ardhini, kalamu ikiwa mfukoni.

Marubani, madereva, mafundi, manesi mliomo humu: ni kitu gani kazini kwako ulikipiga kiganja, kikakubali, ukaendelea? Andikeni hapa chini. Hata kama kilishatengenezwa. Hata kama hakijatengenezwa, hasa hicho.

Maswali ya kiufundi pia nitajibu, ilimradi courant ikubali.